Stoo Yetu ya Sapoti Tatu

Enzi zetu pale Cheptiret, sapoti ilikuwa mti. Ilikuwa na magome, ilikuwa na siafu, na mtoto akiishika bila ruhusa alichapwa. Vijana wa siku hizi wakisikia neno hilo wanatafuta simu. Mpwa wangu anaweza kuketi kwenye kochi langu hapa Eldoret tangu asubuhi akinisihi, "Aunty, nisapoti basi, bonyeza hapo tu," na nikishabonyeza ananishukuru kana kwamba nimemchotea maji mtoni. Nacheka kwa sababu nampenda. Lakini kuna siku neno lenyewe hunishika vibaya, hata inabidi nitoke nje kidogo nipunge hewa.

Ngoja niwaeleze, nyinyi wenzangu mliokwenda shule mguu tupu mkiguguna mahindi ya kuchoma, na hamkujua kwamba kule kukimbia kengele isiwapite kungekuja kuitwa mazoezi.

Kila boma la kwetu lilikuwa na stoo ya mahindi. Ilikuwa kama nyumba ndogo ya fito, imesimama juu ya miguu ya mbao ili panya na unyevu visiifikie, paa lake mabati, na kimlango kimoja kidogo ambacho sisi watoto tulipenyezwa ndani yake kutoa mahindi ya kusaga. Yetu ilijengwa na Baba mwenyewe kabla hajaenda kufanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini, akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mwaka ninaousema, shamba lilitupa mahindi mpaka tukaogopa. Mvua nayo ikakataa kuisha. Tulivuna yakiwa bado na maji, tukayatia stoo hivyo hivyo, maana ukiyaacha shambani yanaota kwenye mabua. Aliyewahi kubeba gunia la mahindi mabichi anajua uzito wake. Haukupita muda mrefu, stoo ikaanza kuegemea jikoni.

Baba alipokuja aliizunguka akiwa ameweka mikono nyuma, kisha akakata miti mitatu ya mkaratusi, akaisimamisha kwa upande ule wa jikoni, vichwa vyake vimesukuma ukuta wa stoo na miguu yake imezama udongoni. "Hizo ni sapoti," akatuambia, mimi na mdogo wangu Chemutai. "Mtoto asiguse. Krismasi nitajenga ingine."

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, mkononi. "Na ikikataa kungoja Krismasi?"

Baba alicheka, akasema stoo haina haraka ya kwenda popote. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alianza kuipima. Mwanzoni aliweza kupita kati ya stoo na jikoni akiwa na ndoo ya maji kichwani. Baadaye ikambidi aishushe ndoo aishike mkononi. Kisha akaanza kupita kiubavu, na kila asubuhi alipopita alitazama juu, nasi tukatazama juu pamoja naye kabla ya kunywa uji. Ukilala unaisikia ikilia, fito zikisuguana, na unajiambia ni upepo.

Nakumbuka wakati huohuo Mwalimu Kirwa, aliyetufundisha Kiingereza, aliliandika neno lile ubaoni na kuuliza nani anajua maana yake. Mikono ilijaa hewani, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa somo la Kiingereza. Halima, ambaye baba yake Mzee Farah alikuwa na duka na lori pale senta, alisema sapoti ni kile kitu kinachowekwa chini ya lori tairi ikitolewa. Wambui, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu, alisema ni kijiti cha maharagwe yanayopanda. Mimi nikasimama kwa majivuno, nikasema ni mti wa stoo, na kwetu tunazo tatu. Mwalimu akatikisa kichwa akasema hapana, sapoti ni kumsaidia mtu. Wambui akainua tena mkono: "Lakini mwalimu, sasa mtu huwekewa wapi?" Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Sisi tulirudi nyumbani tukiwa na hakika kwamba mwalimu ndiye aliyekosea.

Tulicheza, bila shaka. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira wa makaratasi ya nailoni, tuliruka kamba ya blada mpaka vidole vya miguu vikatoka damu, wavulana wakasukuma magari ya waya kuelekea barabarani na kurudishwa mbio na mama zao. Mchezo wa Chemutai ulikuwa mmoja tu, kalongolongo. Alipika udongo kwenye vifuniko vya chupa, akawalisha watoto wake wa magunzi, akawagombeza kwa sauti ya Mama kabisa. Na mahali alipopapenda kuliko kote ulimwenguni ni chini ya stoo. Mvua haikuingia pale. Vumbi lake lilikuwa laini, na kuku walitaga humo. Alishachapwa kwa sababu ya mahali pale, akalia, akaahidi, na kesho yake ukamwona anatokea upande wa pili akiwa na mavumbi magotini.

Basi ikafika Jumamosi moja alasiri, Mjomba Kiptoo akatutembelea kutoka upande wa Moi's Bridge. Alikuwa ndugu wa Mama wa kumfuata, mtu wa kucheka kwa sauti, na safari hiyo hakuja mikono mitupu. Alikuwa anavuta mtamba, ng'ombe mdogo mweusi asiyezaa bado, mwenye doa jeupe usoni, zawadi ya dada yake. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa amekufa na Mjomba alikuwa amesikia kwamba tunakunywa chai ya rangi. Mama alimkumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Wakati wa kwetu, mgeni aliyeleta ng'ombe hakusimamishwa uani hata kidogo. Alivutwa ndani, akapewa kiti, akatiliwa mursik. Kwa hiyo Mjomba alifanya kile ambacho mwanamume yeyote wa kwetu angefanya akiona mti umesimama vizuri uani. Alimfunga mtamba wake kwenye sapoti ya katikati, akakaza fundo, akaingia jikoni kwa dada yake.

Hakuna aliyemwona akifunga. Mama alikuwa ametangulia kupuliza moto. Mimi nilikuwa nimetumwa kwa kina Wambui kuazima sukari.

Niliporudi nilimwona mtamba kwanza, kisha kamba, kisha mti. Nakumbuka nilisimama na kile kikombe cha sukari, nikawa naifikiria sentensi ya kumwambia Mama. Kule barabarani lori likapiga honi ndefu. Mtamba, ambaye huko kwao hakuwa amezoea mambo ya barabara kuu, aliruka akarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Mguu wa sapoti ukang'oka kutoka kwenye tope. Sapoti ya pili ikateleza, taratibu, ikichimba mfereji udongoni. Ile ya tatu ikapinda. Kisha nikasikia mlio ambao sijausikia tena maishani, miguu ya stoo ya upande wa jikoni ikivunjika mmoja baada ya mwingine, na stoo nzima ikashuka upande huo, ikasimama imeinama, boriti yake nene imeshikiliwa na ile sapoti iliyoteleza ambayo sasa ilikuwa imejikinga chini yake.

Halafu chini ya stoo, sauti ndogo ikasema, "Mama?"

Mama alitoka jikoni kabla sijafumbua mdomo. Alijitupa chini, akatambaa kwa tumbo mpaka chini ya boriti. Mguu wa Chemutai ulikuwa umebanwa na kipande cha mbao kilichovunjika, na juu yake, karibu kabisa, mahindi yote ya mwaka ule yalikuwa yananing'inia. Ile sapoti ilianza kutoa nyufa. Tuliisikia ikipasuka. Mama akajipanga kwa mikono na magoti, akainua mgongo mpaka ukagusa boriti, akabaki hivyo, mtoto akiwa katikati ya mikono yake.

"Usitoke hapo chini yangu," alimwambia Chemutai. Kisha, bila kugeuza kichwa, "Jerono, piga nduru."

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Hilo ndilo linalonitokea mpaka leo nikiota ndoto mbaya, mdomo wazi bila sauti. Mjomba, aliyetoka mbio nyuma ya Mama, alikuwa ameshika boriti kwa mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni, analia hadharani kama mtoto. Mama akasema tena, polepole zaidi, "Jerono. Nduru." Hapo ikatoka. Ilitoka na kila kitu kilichokuwa ndani yangu, na nilipoanza sikuweza kuacha.

Mkumbuke ilivyokuwa. Hakuna aliyeuliza ni nani au kuna nini. Ukisikia nduru unaangusha ulichoshika. Mama Wambui aliruka ua wa miiba kwa sketi yake ya kanisani, mikono yake bado ina unga wa chapati mpaka viwikoni. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti pale senta walikuja mbio. Mtu ambaye Mama hakuwa akisalimiana naye tangu kesi ya mpaka wa shamba naye alikuja, akiwa na panga, na hakuna aliyemwogopa. Nyuma yao Mzee Farah, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuwa anakimbia ameshika kanzu yake kwa meno na jeki ya lori mikononi.

Wanaume wawili walishika mikono ya Chemutai wamvute.

"Wacha! Msivute huyo mtoto!" Mzee Farah alipiga kelele. "Mguu itabaki! Kwanza jeki."

Wengine walikimbilia upande wa nyuma, penye kimlango, wapunguze mahindi. Ni jambo la mazoea. Maisha yetu yote mahindi yalitoka kwa mlango, basi miguu yao ikawapeleka mlangoni. Walikuwa wameshaanza kuyatupa nje kwa makarai, na stoo ikaguna, ikashuka kidogo, na Mama akatoa sauti fupi kutoka kifuani.

"Ngai! Mnafanya nini?" Mama Wambui alishika kichwa kwa mikono ya unga. "Mkitoa huko nyuma, uzito yote inakuja kwa mama wa watu! Toeni huku mbele! Kateni fito!"

Upande wa mbele ulikuwa ule ulioinama. Anayekata fito pale anakata akiwa amesimama mahali ambapo stoo itaangukia. Walitazamana kidogo. Yule jirani wa kesi ya mpaka akasogea, akainua panga, akakata. Fito zikaachia, mahindi yakamwagika yakimpiga kifuani na miguuni, naye anaendelea kukata. Wanawake wakayazoa kwa leso na magunia, wengine kwa sketi zao, wakayatupa mbali kwenye matope bila kujali. Kilichosikika ni mahindi yakimwagika na Mjomba akipumua.

Mzee Farah alikuwa amelala kwenye tope anazungusha jeki, na badala ya boriti kupanda, jeki ikawa inazama. Udongo ulikuwa umejaa maji. "Ubao! Leteni ubao mpana!" Hapakuwa na ubao. Mama Wambui alikwenda kwenye mlango wetu wa jikoni, akaushika, akautingisha, akaung'oa na bawaba zake, akamletea. Wakautandika chini, jeki juu yake. Mzee Farah akazungusha tena.

"Mama," Chemutai akasema kutoka huko chini, "kuku yangu iko wapi?"

"Iko," Mama akamjibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. "Nyamaza, iko."

Boriti ikapanda upana wa kidole. Ikapanda tena. Mtu akapenyeza jiwe, mwingine gogo. Kile kipande cha mbao kikalegea, mikono ikaingia, na Chemutai akatolewa mguu umevimba, ameshika vifuniko vyake vya chupa ngumi imekaza. Watu wakapiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa bado natazama chini ya stoo, kwa sababu Mama hakuwa ametoka.

"Mama Jerono, toka sasa," Mzee Farah alimwambia. "Jeki imeshika. Wallahi imeshika, toka."

"Mtoto ametoka?"

"Ametoka."

"Mguu yote miwili?"

"Yote, mama. Toka."

Alitaka kutoka na mgongo ukakataa. Walimvuta polepole akiwa vilevile kwa mikono na magoti, wakambeba hivyo, hawezi kujinyoosha, wakamlaza kwa ubavu juu ya leso za wanawake. Hapo ndipo watu waliporudi nyuma, Mzee Farah akaifunga jeki kamba akaivuta kutoka mbali, na stoo ikalala chini kwa mshindo uliotikisa sufuria jikoni. Mtamba alikutwa nyuma ya nyumba, sapoti bado imefungwa shingoni mwake, anakula mahindi yetu bila wasiwasi wowote. Mjomba Kiptoo alipomwona alitaka kumchinja palepale. Mama akamkataza kutoka kule alikolala. Alisema ng'ombe ni wake, na watoto wanahitaji maziwa.

Baba alipoletewa habari alirudi kesho yake. Aliketi kando ya kitanda akaushika mkono wa Mama na hakusema lolote kuhusu Krismasi. Stoo mpya ilikuwa imeshachimbiwa mashimo na majirani. Mahindi yalianikwa kwa kina Wambui na kwenye turubai la lori la Mzee Farah, na wiki nzima kulikuwa na watu uani kwetu ambao hakuna aliyewaita. Mimi nilikuwa na hasira na watu wote waliokuwa wakicheka na kunywa chai, maana nilimwona Mama akijaribu kusimama na kushindwa. Alisimama baadaye, ndiyo. Kujinyoosha sawasawa hakujinyoosha tena.

Chemutai leo ni mama wa watoto watatu, anakimbia asubuhi na kikundi cha wanawake wenzake, na ukimtajia stoo anasema anakumbuka kuku tu. Namwonea wivu kwa hilo.

Cheptiret ukipita siku hizi utaona kuta za mawe na mageti ya chuma yenye rangi nzuri. Watu wamejenga, na mimi siwalaumu, hata mimi ningejenga. Lakini huwa najiuliza nduru ya mtoto wa miaka kumi ingefika wapi. Sisi tulikuwa maskini wa vitu vingi na wabishi wa mipaka, tulisengenyana mpaka kanisani, lakini hapakuwa na mtu aliyefikiria kwanza kama sauti anayoisikia inamhusu. Leo kijana akiona jambo anawasha kamera, kisha anaandika maneno matamu ya kuwapa watu moyo, na anayapata mapenzi ya watu asiowajua. Labda huo nao ni msaada wa namna yake. Mimi ni mtu wa zamani.

Mama anaishi nami sasa, hapa mjini, kwenye ghorofa yenye milango mingi. Huketi karibu na dirisha, na kutoka kitini ni kazi. Hushika meza, kisha ukuta, kisha hungoja mgongo ukubali. Juzi saa kumi jioni nilikuwa nakatakata sukuma wiki, msichana wa mlango wa tatu akapiga kelele, kelele kali ya kupasua masikio. Mimi nilibaki na kisu hewani nikisikiliza. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ameshatoka, mguu tupu, mkono mmoja ukutani, ameinama vile anavyoinama, anakwenda kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

Nilimfikia akiwa mlangoni kwa yule msichana, anahema, amenyoosha mkono kumshika.

"Pole, shosho," msichana alimwambia, uso umejaa aibu. "Ilikuwa panya tu. Imetoka kwa kabati. Pole sana, umekuja bure."

Mama alimtazama juu mpaka chini kuhakikisha hana jeraha. Akamtazama na miguuni.

"Hiyo ni sawa, mtoto wangu," akasema. "Afadhali nikuje bure."

Nikampa mkono tukarudi polepole, tukipumzika kila baada ya mlango. Tulipita milango yote ya njiani, na ndani ya kila mmoja tulisikia televisheni na watu wakiongea. Hakuna hata mmoja uliokuwa umefunguka.